Kitambaa Hufuliwa Kabla ya Mkasi

Mazungumzo kwa vyama na vikundi vya ushonaji vya Boko, Dar es Salaam, juu ya kuandaa vitambaa laini vya mablanketi ya watoto wachanga

Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28 walichanga fedha zao kidogo kidogo wakafungua duka lao wenyewe. Baadhi yao walikuwa wafumaji wa flaneli, kitambaa cha sufu kilichoupatia mji ule sifa. Duka lilifunguliwa tarehe 21 Desemba, na bidhaa zake hazikuwa nyingi: unga, siagi, sukari, mishumaa. Lililowavuta wanunuzi ni ahadi kwamba unga ule haukuchanganywa na kitu kingine, na kwamba kipimo chake kilikuwa kamili. Wanaushirika wa dunia nzima wamezoea kuhesabu umri wa ushirika tangu siku ile.

Yafaa habari hiyo ikumbukwe na kila kikundi cha Boko chenye vyerehani kinachokusudia kushona mablanketi ya watoto wachanga. Mama anayenunua blanketi hawezi kutambua kwa macho kama kitambaa kilifuliwa kabla ya kukatwa, kama vile mnunuzi wa Rochdale asivyoweza kutambua kilichomo ndani ya unga. Atalitambua baada ya kulifua mara ya kwanza, wakati fedha yake imekwisha kutoka mkononi. Kwa hiyo kiini cha mazungumzo haya ni kimoja: kufua kitambaa kabla ya kukikata ni kazi ya ushirika. Haina budi ipangwe, ilipwe na iandikwe katika daftari. Ikiachwa iwe hisani ya mwanachama mmoja mmoja, haitafanyika.

MTOTO NA KITAMBAA CHAKE

Wako wanaouliza blanketi ni la nini katika mji wenye joto kama Dar es Salaam. Jibu ni kwamba mtoto mchanga huzaliwa akiwa amelowa, mwili wake ni mdogo, na hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima hata katika chumba ambacho mtu mzima hutoka jasho. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto akaushwe mara anapozaliwa, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wote wawili wafunikwe kwa kitambaa kikavu, na kuogeshwa kungoje hadi saa 24 zipite. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati hulelewa kifuani kwa njia iitwayo ya kangaroo, iliyoanzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, na ambayo hutumika pia katika hospitali za Tanzania. Katika malezi hayo yote kitambaa kilicho juu ya mtoto kinatakiwa kiwe safi, kikavu, laini, na chenye kunyonya unyevu.

Akina mama wa Pwani wana ujuzi wa zamani katika jambo hili. Mama anayekwenda kujifungua hufungasha doti za khanga, na wengi huchagua ile khanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi hata ikalainika. Khanga mpya hukakamaa, hutoa rangi, na haikaushi maji vizuri. Kwa hakika, kuandaa kitambaa kipya ni kukifanyia kwa siku mbili kazi ambayo khanga ya bibi ilifanyiwa kwa miaka miwili.

KWA NINI KITAMBAA KIPYA HURUDI

Kiwandani, nyuzi za pamba huvutwa kwa nguvu wakati wa kufuma, kupaka rangi na kukunja jora. Nyuzi hizo hubaki zimenyooka kwa sababu zimeshikwa, kama kamba iliyofungwa miti miwili. Zikipata maji na joto kwa mara ya kwanza hulegea na kurejea katika hali yake. Hapo kitambaa hurudi, yaani hupungua urefu na upana.

Kupungua huku si sawa kwa vitambaa vyote. Flaneli ya pamba, ambayo hufumwa kwa nyuzi zilizolegea kisha ikachanuliwa ili itoe manyoya, yaweza kupungua sentimita 4 hadi 6 kwa kila mita, na pengine zaidi. Pamba iliyofumwa kwa kubana hupungua kidogo kuliko hiyo. Kitambaa cha poliesta chenye manyoya mafupi, kinachouzwa sana kwa ajili ya mablanketi, karibu hakipungui.

Tatizo kubwa hutokea pale vitambaa viwili vinaposhonwa pamoja. Tuseme blanketi lina upande wa flaneli na upande wa poliesta, kila upande sentimita 90, na vyote havikufuliwa. Mama akilifua, flaneli ikipungua kwa asilimia 6 itakuwa na sentimita 84.6, na poliesta itabaki karibu na 90. Sentimita tano zilizozidi hazina pa kwenda. Blanketi litajikunja, litafanya mifuko, na mshono utavutika hadi ukatike. Wala haisaidii kukata flaneli kubwa zaidi ili ipungue baadaye, kwa sababu pande mbili zilizoshonwa pamoja lazima ziwe sawa siku ya kushonwa.

WANGA NA DAWA

Sababu ya pili ya kufua ni vile vitu ambavyo kiwanda huviacha ndani ya kitambaa. Wanga hupakwa nyuzi zisikatike mtamboni, na wakati mwingine huongezwa ili kitambaa chepesi kionekane kizito. Hila hii si ngeni. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar kitambaa cha pamba kilichoitwa marekani, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Kilipendwa kwa ugumu wake hata kikatumika kama fedha katika biashara ya bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, vilipoleta upungufu wa pamba, viwanda vingi vya Lancashire, Uingereza, vilizidisha wanga na udongo mweupe katika vitambaa vyao. Mnunuzi aliyelipia uzito aligundua, baada ya kufua, kwamba sehemu ya uzito ule ilikwenda na maji. Hata leo mshonaji anayesugua kitambaa kipya kati ya viganja na kuona unga mweupe ukidondoka ameonyeshwa kwamba ananunua wanga pamoja na pamba.

Aidha, vitambaa vingine hutiwa dawa ili visijikunje, na baadhi ya dawa hizo hutoa formaldehidi, ambayo huwasha ngozi na macho. Japani ilipitisha sheria mwaka 1973 ya kudhibiti vitu vyenye madhara katika bidhaa za nyumbani, na chini yake nguo za watoto wa hadi miezi 24 zimewekewa kipimo kikali kuliko nguo za watu wazima. Kikundi cha ushonaji hakina maabara, lakini kina beseni, maji na sabuni, na kufua kabla ya kushona hupunguza dawa hiyo. Kitambaa chenye harufu kali ambayo haikuondoka baada ya kufuliwa mara mbili kisitumiwe kwa mtoto.

MAJI YA KUFULIA

Boko iko kando ya Barabara ya Bagamoyo, kati ya Tegeta na Bunju, karibu na Kilima cha Wazo ambako mawe ya chokaa huchimbwa kwa ajili ya saruji. Maji ya kisima kilichopita katika mawe ya namna hiyo huwa magumu. Sabuni ya mche haitoi povu upesi ndani yake. Huganda ikawa utando mweupe unaonata katika nyuzi. Mfuaji huongeza sabuni akidhani kitambaa bado ni kichafu, na utando huongezeka. Kitambaa kikikauka huwa kigumu, na kazi yote ya kukilainisha imeharibika.

Kila kikundi kipime maji yake. Chupa safi itiwe maji hadi nusu, kipande kidogo cha sabuni ya mche kitiwe ndani, kisha itikiswe kwa nguvu. Povu jingi linalodumu ni dalili ya maji laini. Povu haba na maji yaliyogeuka kama tui ni dalili ya maji magumu. Ikiwa ni magumu, sabuni ya unga hufanya kazi vizuri zaidi kuliko ya mche, na suuzo la mwisho lifanywe kwa maji ya mvua yaliyokingwa wakati wa masika au vuli, au kwa maji ya bomba ikiwa yamepimwa yakaonekana kuwa laini. Dawa ya kulainisha nguo haifai kuwa mbadala. Huacha mafuta juu ya nyuzi, hupunguza uwezo wake wa kunyonya maji, na huweza kurahisisha kitambaa chenye manyoya kushika moto.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, kipimo. Kabla ya kununua majora mengi, kikundi kinunue mita moja ya kila kitambaa. Katikati yake itiwe alama za uzi wa rangi, sentimita 50 kwa urefu na sentimita 50 kwa upana. Kifuliwe, kikaushwe, kipigwe pasi, kisha kipimwe tena kwa futikamba. Alama zilizokuwa sentimita 50 zikiwa 47, kitambaa kimepungua kwa asilimia 6. Matokeo yaandikwe, pamoja na tarehe na duka kilikonunuliwa.

Pili, rangi. Kitambaa cheupe kilicholoweshwa kisuguliwe juu ya kitambaa chenye rangi, hasa nyekundu, buluu iliyokoza na nyeusi. Kikichukua rangi, kitambaa kile kifuliwe peke yake na kusuuzwa hadi maji yawe meupe. Wengi hutia chumvi wakiamini kwamba itashika rangi. Chumvi husaidia pamba kunywa rangi wakati wa kupakwa, lakini si ya kutegemewa katika kuifunga rangi ambayo tayari inatoka. Baada ya suuzo nne, ikiwa maji bado yana rangi, kitambaa hicho kiende katika mikoba au mapazia. Mtoto hunyonya kila kinachofika mdomoni, na pembe ya blanketi ni ya kwanza.

Tatu, kuzuia kufumuka. Ncha mbili za jora zilizokatwa dukani zipigwe bandi au zipitishwe mshono wa nyoka kabla ya kuingia majini. Bila hivyo nyuzi huchomoka, hufungamana, na sentimita kadhaa hupotea bure.

Nne, kufua. Kitambaa kifuliwe kama mama atakavyokifua nyumbani. Nguo za mtoto mchanga hufuliwa mara nyingi kwa maji ya moto, kwa hiyo flaneli na pamba zifuliwe kwa maji ya moto kadiri mkono unavyostahimili, na flaneli irudiwe mara ya pili, kwa kuwa haimalizi kupungua katika ufuaji mmoja. Poliesta ifuliwe kwa maji ya uvuguvugu. Manyoya yasisuguliwe kwa brashi. Kitambaa kikandwe na kubanwa, kisinyongwe kwa nguvu.

Tano, kuanika. Kitambaa kitandazwe juu ya kamba, kingo zake zikiwa zimelingana, kisiachwe kuning'inia kwa pembe moja. Kikaukie juani hadi unyevu wote uishe, maana hewa ya Pwani ina unyevu na kitambaa kilichokunjwa kibichi hufanya ukungu. Kisianikwe juu ya majani wala mchanga. Yuko inzi anayetaga mayai juu ya mchanga na nguo mbichi, na funza wake huingia katika ngozi ya mtu na kufanya jipu.

Sita, pasi. Flaneli na pamba zipigwe pasi yenye moto pande zote mbili, jambo ambalo pia huua mayai ya inzi huyo. Anayetumia pasi ya mkaa aweke kitambaa chakavu juu ili cheche na majivu visiguse kazi. Poliesta isiguswe na pasi ya moto, kwani huyeyuka. Kwa hiyo ikaushwe vyema zaidi na ianikwe juu, mbali na ardhi.

Saba, kunyoosha. Baada ya kufuliwa, kitambaa huweza kukaa mshazari. Washonaji wawili washike pembe zinazokabiliana wavute pole pole hadi nyuzi za urefu na za upana zikutane sawasawa. Kisha kiganja kipitishwe juu ya manyoya kujua yanakolala, na vipande vyote vikatwe vikielekea upande mmoja. Hapo ndipo mkasi uingie.

HESABU YA UAMINIFU

Ikiwa faida za kufua zinajulikana, kwa nini kazi hii huachwa? Mara nyingi ni kwa sababu ya namna ya kulipana. Mshonaji anayelipwa kwa kila blanketi lililokamilika hapati kitu kwa siku mbili za kufua na kuanika. Aliyefua hupeleka mablanketi machache mwisho wa juma. Asiyefua hupeleka mengi. Utaratibu wa namna hiyo humpunja mwaminifu na kumtuza mzembe, na hotuba za kuhimiza uadilifu haziwezi kuushinda.

Basi itazamwe hesabu yenyewe. Bei zilizomo ni za mfano tu, na kila kikundi kiweke zake. Jora la flaneli lenye mita 30, kwa shilingi 5,000 kila mita, lagharimu shilingi 150,000. Likikatwa bila kufuliwa, kwa sentimita 90 kila kipande, hutoa vipande 33, na kitambaa cha kipande kimoja husimama shilingi 4,545. Likifuliwa na kupungua kwa asilimia 5, hubaki mita 28.5, nazo hutoa vipande 31, kila kimoja shilingi 4,839. Tofauti ni shilingi 294. Ikiwa sabuni, maji, mkaa na ujira wa wafuaji ni shilingi 12,400 kwa jora, kila kipande kitabeba shilingi 400 zaidi. Jumla haifiki shilingi 700.

Kwa upande wa pili, blanketi moja likirudishwa, kikundi hupoteza kitambaa, uzi, ujira na mnunuzi. Na mnunuzi aliyekasirika hasemi kwamba fulani ameshona vibaya. Husema kwamba mablanketi ya ushirika hayafai. Aliyefua na asiyefua hubeba jina moja.

Kwa sababu hiyo mambo manne yafaa kujadiliwa katika mkutano wa wanachama. Kwanza, kila jora liingie ghalani kupitia kwa wafuaji wa zamu, na mshonaji akabidhiwe kitambaa kilichokwisha kuandaliwa. Pili, wafuaji walipwe kwa jora, na ujira huo uingizwe katika bei ya blanketi. Tatu, daftari liwe na safu za tarehe, duka, mita kabla ya kufua, mita baada ya kufua, na jina la aliyepima. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, kila blanketi liuzwe na kikaratasi chenye maneno machache: kitambaa kimekwisha kufuliwa, lifuliwe kwa maji ya namna gani, liwekwe mbali na jiko na kibatari, kwa kuwa manyoya ya pamba hushika moto upesi, lisifunike uso wa mtoto, wala lisiachwe limelegea karibu na uso wake anapolala. Mshonaji naye akague nyuzi zilizoning'inia na kuzikata zote, maana uzi mrefu huweza kujifunga katika kidole cha mtoto na kuzuia damu.

Ndugu Wanaushirika,

Soko la mablanketi ya watoto halikosi bidhaa za bei ndogo, na kikundi cha Boko hakiwezi kushindana na kiwanda kwa wingi. Kinaweza kushindana kwa jambo moja, nalo ni blanketi ambalo baada ya kufuliwa mara kumi lina kipimo kilekile na ulaini uleule wa siku lilipouzwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Shilingi mia saba za maandalizi ni kodi ndogo ya jina jema. Jora lijalo likifika, liende kwanza kwenye beseni.